Chupa Kumi na Mbili za Nyololo

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mdogo wake, Lusekelo, mbele ya jeneza, kwenye uwanja wa nyumbani kwa mama yake pale Ubaruku, jua likiwa utosini na mashine za kukoboa mpunga za jirani zikiwa zimezimwa kwa heshima. Ulikuwa wasifu mfupi wa ukurasa mmoja. Amezaliwa wapi, amesoma wapi, amebatizwa na kuoa lini, mkewe alimtangulia mwaka gani. Kisha, kwa sauti ile ile aliyosomea majina ya shule, Lusekelo akasoma kwamba marehemu aliwahi kufanya kazi ya utafiti Iringa, ambako kwa uzembe wake aliharibu sampuli za kazini, akapoteza nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, akarudi nyumbani kulima. Watu waliguna kidogo, wakaendelea kujipepea. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, mtandio umenifunika hadi kwenye nyusi, na nilijua kwamba maneno yale ni uongo. Marehemu Ambakisye hakuharibu sampuli yoyote. Niliziharibu mimi, Zuhura, kwa mikono hii hii, nilipokuwa na miaka ishirini na sita, na yeye akanibebea.

Baada ya maziko nilimfuata Lusekelo kwenye turubai la chakula, nikamuuliza nani aliandika wasifu. Hakuona ajabu. Alisema kaka yake aliuandika mwenyewe wodini kule Mbeya, wiki mbili kabla hajafa, akampa karatasi na kumwambia wasiongeze wala wasipunguze. "Kaka alikuwa mtu wa ukweli, dada," akaniambia. "Hata aibu yake hakuificha." Nilishika sahani yangu ya wali nikashindwa kula. Naomba niseme kwanza, kabla sijasema kwamba nililia, kuwa nilikasirika. Nilimkasirikia marehemu mbele ya wali wa msiba wake, kwa kunitendea wema ambao sikuuomba na ambao sasa sikuwa na mtu wa kumrudishia. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo cha mwenzangu kilikuwa kimenisetiri zaidi, na nilijiona mchafu kuliko siku yoyote ya miaka ile yote niliyonyamaza.

Ya wazazi wangu na walikotoka sitayaeleza. Watu wa mtaa wetu wa Miyomboni, Iringa, wanaijua habari hiyo kuliko mimi na watakusimulia bila kuombwa. Naanzia siku niliyoacha maabara ya hospitali. Nilikuwa nimefanya kazi huko miaka mitatu, upande wa vipande vya nyama vinavyokatwa kwa wagonjwa kupelekwa kupimwa. Kazi ile ina amri moja kubwa kuliko zote: kipande kikifika, kizame kwenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, kabla hujakaa kwenye kiti. Siku moja, nikiwa zamu, kilikuja kipande cha titi la mama mmoja kutoka Kilolo, kikawekwa kwenye kopo kavu, kikasahaulika hadi kesho yake. Kilioza. Mama yule hakupata jibu lake. Sikuwa mimi niliyekipokea, lakini zamu ilikuwa yangu, na tangu siku hiyo nikiona kopo lenye kitu ndani na halina harufu ya formalini, nilikuwa nakimbilia dumu. Nilipoona tangazo kwamba chuo kimoja pale mjini kinatafuta fundi wa maabara kwa utafiti wa viumbe wa majini, niliomba upesi. Niliwaza kwamba viumbe wa majini hawana watoto wanaosubiri majibu kwenye benchi.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya viti. Hadubini mbili, friji moja ya zamani iliyokuwa ikinguruma kama mzee mwenye kifua, meza ndefu ya mbao, na dirisha pana lililotazama mawe ya Gangilonga. Ofisi ya mkuu wetu ilitengwa na chumba chetu kwa ukuta wa siling'bodi, hivyo hakukuwa na siri. Mtu akikohoa kule, sisi huku tulisema pole. Mkuu huyo alikuwa Mwalimu Sigrada, Mbena wa Njombe, Mkatoliki asiyekosa misa, mwanamke wa miaka hamsini hivi aliyekula chakula cha mchana amesimama ili asipoteze muda wa kukaa. Msaidizi wake alikuwa Ambakisye, mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu ambavyo havikuwahi kuvunja kioo hata kimoja. Mimi niliajiriwa kwa matazamio ya miezi sita. Mchana nilileta maharage ya nazi kutoka nyumbani, Ambakisye alileta mbalaga zake, ndizi za kupikwa za Kinyakyusa, tukachanganya kwenye sahani moja, na Mwalimu akapita akichovya kijiko bila kuomba. Siku nyingi za maisha yangu nimezisahau. Chakula kile bado nakisikia mdomoni.

Kilichokuwa kikitafutwa mle ndani, kwa lugha ya watu, ni utelezi. Ukikanyaga jiwe la mtoni ukateleza, ule utando wa kahawia uliokuangusha umejaa dayatomu, viumbe vidogo sana kila kimoja kikiishi ndani ya gamba lake la kioo. Gamba lina vipande viwili vinavyofunikana kama kopo na mfuniko wake, na juu yake lina mistari myembamba iliyonyooka kuliko mistari ya daftari. Kila jamii ina mistari yake. Ili uyaone magamba sawasawa, unachemsha utelezi kwenye asidi hadi kila chenye uhai kiungue, kibaki kioo kitupu. Hiyo ndiyo njia ya umbo. Kuna njia ya pili, ya vinasaba, na hiyo inataka kinyume chake: inataka kiumbe kizima, hai, au kilichotiwa spiriti safi. Mwalimu Sigrada alitusomesha hilo kila Jumatatu kama katekisimu. Alisema umbo ni shahidi mmoja na vinasaba ni shahidi wa pili, na kwa shahidi mmoja hata mwizi wa kuku hahukumiwi. Atakayetaka kusema amepata jamii mpya duniani, alete mashahidi wote wawili. Na alisema, akinitazama mimi niliyetoka hospitali, kwamba formalini ni ya umbo tu. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilisikia, lakini kusikia kwa masikio ni kitu kimoja, na mkono uliofundishwa miaka mitatu ni kitu kingine.

Tulikwenda Nyololo, kule Mufindi, mara ya kwanza mwezi wa tatu, katikati ya mvua. Unaacha barabara kuu, unapanda kwa miguu saa moja na nusu, mpaka kwenye mwamba mweusi unaotokwa na maji pande zote. Chini yake kuna kijiji. Mwenyekiti wa kamati yao ya maji, mama mmoja wa Kihehe mwenye mabega mapana, alitupokea kwa salamu nyingi za kamwene na viazi vya kuchemsha, akakaa kutuangalia tukikwangua mwamba kwa miswaki. Alituuliza kama shule zote zile tulizosoma ndizo zilizotuleta kupiga mswaki jiwe. Ambakisye alicheka hadi akateleza. Mama yule alitueleza kwamba mradi wa maji umekubaliwa, mwamba ule utajengewa kwa zege na maji yatashuka kwa bomba hadi shuleni, kwa hiyo kama tunautaka huo uchafu tuuchukue wote. Wao shida yao ni maji. Tulichukua kidogo tu. Tulirudi Iringa, tukachemsha zote kwenye asidi, kwa sababu hatukujua bado kwamba kuna kitu mle.

Ambakisye ndiye aliyekiona. Ilikuwa saa nne asubuhi, mimi naosha vyombo, nikasikia amenyamaza kwa namna ya pekee, kama mtu anayesikiliza jina lake likitajwa mbali. Aliniita nichungulie. Gamba jembamba, refu, lenye mfereji katikati ambao upande mmoja ulikwisha kwa kujikunja kama ndoana na upande wa pili ulikwisha umenyooka. Alikwisha kuangalia vitabu vyote vya chumba kile, na hakuna chenye picha ya namna ile. Mwalimu alikuja, akaangalia muda mrefu, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa sketi. Alisema liitwe Namba Saba mpaka litakapopata jina, na kwamba aliyeliona ndiye atakayelichagulia jina. Wiki zilizofuata nilimwona Ambakisye akiandika na kufuta majina pembeni mwa daftari lake. Mwishowe alitaka kulipa jina la kile kijiji, kwa sababu, alisema, kijiji ndicho kilichokitunza kiumbe hicho bila kujua. Nilimtania kwamba mama mwenyekiti atadai ada.

Siku moja, kupitia ule ukuta, nilisikia Mwalimu akimwambia kwamba ameandikiana na maabara moja ya ng'ambo. Wapo tayari kumpokea Ambakisye miaka miwili, asome kazi ya vinasaba, mradi aje na Namba Saba akiwa hai au kwenye spiriti. Bila sampuli, nafasi ataipata mwingine. Ambakisye alijibu kwa sauti ndogo kwamba mama yake atafurahi. Mama yake alikuwa amekwisha kuwatangazia kanisani Ubaruku kwamba mwanawe anatafuta vitu ambavyo Mungu aliviumba akavisahau. Nilitabasamu na sahani yangu mkononi. Hayo ndiyo yaliyokuwa hatarini mwaka ule: safari ya mtu mmoja, heshima ya mama yake, na jina la kitu kisichoonekana kwa macho.

Habari zikaja kwamba mafundi wa zege wameanza kazi. Tulikimbia Nyololo Alhamisi ya mwezi wa saba, baridi ya Mufindi ikikata midomo, tukakuta mbao zimekwisha kusimamishwa kuuzunguka mwamba. Tulijaza chupa kumi na mbili za utelezi hai. Tulirudi Iringa Ijumaa jioni. Njiani Ambakisye alianza kutetemeka, na tulipofika alikuwa na homa ya kumtoa mtu machozi. Mwalimu alikwenda moja kwa moja Njombe kwenye harusi ya mpwa wake. Ambakisye aliniambia nizitie chupa kwenye friji, nisiziguse, Jumatatu atazitenga yeye. Kisha akapelekwa chumbani kwake Kihesa.

Jumamosi umeme ulikatika mji mzima. Jumapili mchana ulikuwa haujarudi. Nilifungua friji, ikanitolea hewa ya vuguvugu, na chupa moja nilipoifungua ilinuka kama dimbwi. Nilifunga mlango nikaenda Kihesa kwa miguu kumuuliza. Jirani yake alikuwa kibarazani anachambua mboga. Alisema ndiyo kwanza amepata usingizi baada ya siku mbili za kutapika. Nilisimama mlangoni pake, nikamsikia akipumua. Nilikuwa nimeinua mkono kubisha. Nimeurudia mkono ule mara nyingi sana maishani, nikaubishisha, akaamka, akaniambia la kufanya. Lakini siku ile niliushusha, kwa huruma. Nilirudi maabara, nikamwona yule mama wa Kilolo kama amekaa kwenye benchi anasubiri, nikachukua dumu la formalini nikazitia chupa zote, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa. Nilipomaliza nilijisikia vizuri. Nilikwenda nyumbani nikala, nikalala kama mtu aliyeokoa nyumba isiungue.

Jumatatu Ambakisye alifika amebaki macho tu. Alitoa chupa ya kwanza, akaipeleka dirishani, akaifungua, akaisogeza puani. Akaifunga. Akafungua ya pili. Alizinusa zote kumi na mbili, ingawa ya kwanza ilitosha.

"Umetia lini?"

"Jana mchana. Umeme ulikatika, nikaogopa zitaoza."

"Ungezitoa tu ukaziweka hapa dirishani, ukafungua vifuniko," alisema. "Hivi viko hai, Zuhura. Vinataka mwanga tu. Siyo nyama."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenielekeza kwa ajili ya siku nyingine, na ndiyo maana nilielewa kwamba siku nyingine haipo. Nilimwomba nikamwambie Mwalimu mwenyewe. Alisema nikachemshe chai kwanza, Mwalimu ametoka safari. Nilikwenda kuchemsha chai. Niliporudi na sinia, mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa, na kupitia ukuta ule nikamsikia akisema, "Ni mimi, Mwalimu. Nilikuja jana na homa yangu, nikakuta friji imezima, nikachanganyikiwa." Kisha Mwalimu akauliza, "Wewe, Ambakisye?" Naye akajibu, "Mimi."

Nilikuwa na sinia mikononi. Mlango ulikuwa hatua tatu. Chai ya maziwa ilianza kushika utando juu, na mimi nikiutazama utando ule, nikijiambia niache kwanza Mwalimu atulie, niache amalize kusema, niache nipate maneno. Hakuna aliyenizuia. Nimesikia watu wakisema kwamba walishikwa na bumbuazi, miguu ikawa mizito. Miguu yangu ilikuwa mizima. Niliogopa kufukuzwa, basi. Nilirudi jikoni na sinia, nikapasha chai upya, na nilipoingia mara ya pili mambo yalikuwa yamekwisha.

Mchana aliniambia hesabu zake. Mimi nilikuwa kwenye matazamio, ningefukuzwa siku ile ile. Yeye alipendwa na Mwalimu. Angemfokea wiki moja, kisha wangepanda tena Nyololo wakachukue nyingine kabla zege halijakauka. "Nimebeba kwa wiki moja tu," alisema, akachovya ndizi kwenye maharage yangu. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Siku mbili baadaye tulipanda, sote watatu, tukakuta mwamba umefunikwa wote, zege likiwa gumu, na juu yake fundi ameandika tarehe kwa kijiti. Tulizunguka mlima siku nne. Ambakisye alitambaa kwenye kila jiwe lenye unyevu, mswaki mkononi, magoti yamechubuka. Tulikwangua, tukaangalia kwa hadubini ndogo, hakuna. Siku ya nne bomba lilifunguliwa shuleni. Wanawake walipiga vigelegele, mama mwenyekiti alilia, kuku walichinjwa, na sisi tukapewa ugali wa kwanza kama wageni wa heshima. Siwezi kuwachukia watu wale hata nikijaribu. Watoto wao walikuwa wakipanda mlima ule na ndoo kabla ya shule. Ambakisye alikinga mikono akanywa. Alisema ni maji matamu, na alimaanisha.

Mwalimu hakumfokea. Ingekuwa heri angemfokea. Alimnyamazia. Vijiko vyake havikuingia tena kwenye sahani yetu. Aliandika makala kwa shahidi mmoja, umbo peke yake, na ikarudishwa na barua ya adabu iliyosema kwamba huenda ni jamii inayojulikana ambayo maji ya pale yameipindisha, na kwamba bila vinasaba hawawezi kusema zaidi. Nafasi ya ng'ambo ikaenda kwa kijana wa nchi nyingine. Mwezi wa tisa matazamio yangu yalikwisha, na kwenye fomu yangu Mwalimu aliandika kwamba mimi ni mfanyakazi mwangalifu. Nilimwonyesha Ambakisye fomu ile. Sijui kwa nini nilimwonyesha; pengine nilitaka aniseme. Alisoma, akasema hongera dada, na akarudi kwenye hadubini yake. Desemba aliondoka kurudi Ubaruku. Nilimsindikiza stendi na begi lake la vitabu, nikamwambia kwamba nitasema, wiki ijayo nitasema. Alinijibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba nikisema sasa tutakuwa wawili wasio na kazi. Basi likaondoka.

Nilibaki maabara ile miaka ishirini na mitano. Kila mwaka baada ya mavuno, mzigo ulifika stendi ukiwa na jina langu, gunia dogo la mchele wa Ubaruku, mpya, wenye harufu ya kujaza nyumba. Nilimpigia simu kushukuru. Tuliongea habari za mvua, za watoto wake wawili wa kike, za miguu ya mama yake. Mara moja, baada ya mazishi ya Mwalimu Sigrada ambaye alikufa akiamini alichoambiwa, nilianza kumwambia kwamba nataka kuja Ubaruku niwaeleze kwao. Alinikatiza kwa upole: "Dada Zuhura, sisi wazee sasa." Nilishukuru kukatizwa. Watu walikuwa wakiniuliza kama niliwahi kumpenda. Sikumpenda kwa namna hiyo, au nilimpenda nikaona haya kujipa ruhusa, baada ya lile nililomfanyia. Wali wake niliupika, nikala, nikashiba, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka nilisema mwakani. Kioo cha Namba Saba bado kimo kwenye sanduku la maabara hadi leo, gamba limezungushiwa duara la wino, na jina halina. Wiki iliyopita ujumbe wa kifo ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wa zamani, katikati ya picha za harusi ya mtu.

Sikulala Ubaruku kwa amani. Asubuhi ya siku ya pili, kabla ya mikeka kukunjwa, niliomba kuonana na mama yake. Alikuwa chumba cha ndani, amekaa kwenye godoro chini, miguu imevimba na kunyooshwa mbele, kitenge cheusi kichwani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono akaendelea kuushika. Alinifahamu kwa jina. Alisema mimi ndiye dada wa Iringa ninayepelekewa mchele, na kwamba kila mwaka mwanawe alichagua mwenyewe debe zuri, akapepeta mwenyewe, hakuna aliyeruhusiwa. Nilimwambia yote. Nilianza na friji nikamaliza na chai. Sikumweleza dayatomu ni nini, na hakuuliza. Alisikiliza akitazama miguu yake.

"Kwa hiyo siyo yeye," alisema.

"Siyo yeye, mama. Ni mimi."

Nje watu walikuwa wakikusanya sufuria. Alipoanza kusema alisema taratibu, nusu kwa Kinyakyusa, nusu kwa Kiswahili, na hakuwa akisema na mimi hasa. Alisema aliwahi kumsifu mwanawe kanisani, watu wakamcheka aliporudi na begi. Alisema tangu hapo, mtoto yule akivunja sahani, akimwaga maji, ng'ombe akipotea, yeye alimwambia ndio mkono ule ule ulioharibu kazi ya watu Iringa. Hata mwaka huu, alipoangusha kikombe kwa ugonjwa, alimwambia. "Alikuwa anacheka tu," alisema. "Nikadhani hana haya."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliuachia mkono wangu.

"Gwe, wewe mwanangu, toka nje," alisema. "Waambie wale waliosikia jana."

Nilitoka. Walikuwa wamebaki kama watu thelathini, wengine wamebeba viti vichwani. Nilimwomba Lusekelo awasimamishe, akafikiri nataka kushukuru kwa niaba ya wageni, akapiga makofi. Nilisimama pale lilipowekwa jeneza jana yake nikasema. Lusekelo alinitazama, kisha akatazama chini, na karatasi ya wasifu aliyokuwa nayo mfukoni akaitoa, akaikunjua, akabaki ameishika. Hakuna aliyenizomea. Mzee mmoja alisema asante kwa kusema, na mwanamke mmoja akaanza kulia, na wale wenye viti vichwani wakasubiri niondoke mbele yao wapite.

Nilirudi ndani. Mama alikuwa amekaa vile vile.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, mama."

"Wamesikia?"

"Wamesikia."

Aliitikia kwa kichwa, akavuta kitenge kufunika miguu yake, na mimi nikafikiri tumemaliza. Kisha akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema, akauliza:

"Na yeye je, amesikia?"